Mafiga Matatu Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, Adeke alipiga magoti mbele ya jiko la mama mkwe wake akazoa jivu. Alilizoa kwa kipande cha kibuyu, taratibu lisitimke, akayaacha katikati makaa yaliyo hai, kisha akalipeleka jivu kwenye miboga nyuma ya zizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza ya siku tangu alipoolewa, na aliifanya usingizi ukiwa bado machoni, kama mtu anavyosali sala aliyoizoea.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi kibuyu kilikuwa hakijajaa, mkono ulipomshika begani.

"Wacha jivu," akasema Leonida.

Adeke aliganda. Mama mkwe wake hakuwa na desturi ya kumgusa. Akimtaka alimwita "wewe" kutoka mlangoni, na akikasirika alimwita "msichana wa Adungosi", kana kwamba msichana huyo alikuwa mtu mwingine aliyepita njiani zamani na hakurudi.

"Nimekosea nini, Mama?"

"Nani amesema umekosea? Inuka. Toka nje nikuonyeshe kitu."

Walizunguka nyumba ndogo ambamo Adeke alilala na mumewe Titus. Nyuma yake, karibu na ukuta, palikuwa na mawe matatu. Yalikuwa meusi, ya mviringo, tope la mtoni bado bichi juu yake, na yalikuwa yamesogezwa pamoja kama vichwa vya watu wanaonong'onezana.

"Unajua ni nini hayo?"

Adeke alijua, lakini aliogopa kulitaja jina lake, asije akalitaja likatoweka.

"Ni mafiga," akasema Leonida.

Katika mji ule wa ukoo wa Titus, kama katika miji mingi ya upande huo wa Busia, mke aliyeletwa na mtoto wa kiume hupikia jikoni kwa mama mkwe mpaka siku mama mkwe atakapoamua kumsimikia mafiga yake mwenyewe. Akishasimikiwa, ana moto wake. Akiwa na moto wake, ana nyumba. Kabla ya hapo, hata kama padre amemfungisha ndoa na jina lake limesomwa kanisani mara zote zinazotakiwa, yeye ni mgeni aliyekaa sana. Hula baada ya watu. Huomba chumvi. Akigombana na mumewe hana pa kukasirikia, kwa sababu kila mahali ni kwa mtu mwingine. Wake wa majirani walioolewa baada ya Adeke walikuwa wameshasimikiwa mafiga yao, nao walipokutana naye kisimani walimpisha achote kwanza, kwa huruma iliyomuuma kuliko matusi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua. Kila alipokwenda sokoni Adungosi kuuza mboga, mama yake alimuuliza: "Wamekusimikia?" Naye alijibu, "Bado kidogo." Alijibu hivyo mpaka jibu likamwishia thamani mdomoni. Ndipo siku moja, mbele ya mashangazi na wauza samaki, akasikia mwenyewe akisema, "Ndiyo, Mama. Wamesimika." Mama yake akapiga vigelegele pale pale sokoni. Akanunua chungu kipya. Akasema wimbi likishavunwa atakuja nacho mwenyewe kichwani, ale chakula cha mtoto wake, kwa maana mama wa mke hali chakula kilichopikwa kwenye moto wa mkwe. Atakula kwenye moto wa binti yake au atarudi na njaa.

Wimbi lilikuwa limeshavunwa.

"Leo wanakuja watu wa Japheth kutoka Marachi," Leonida akasema. Japheth alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani pale Busia, kijana wa viatu vya kung'aa, naye alikuwa akimtaka Millicent, binti wa pekee wa Leonida. "Wanataka kuonja mkono wa Millicent. Na wewe unamjua Millicent."

Adeke alimjua. Millicent alikuwa mzuri wa sura na mwepesi wa kucheka, lakini hata chai aliiunguza.

"Wewe utapika. Yeye atapakua. Ukae jikoni, usionekane. Wakiondoka hapa jioni wameridhika, nitayasimika haya mawe kwa mikono yangu mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Nipike nini?"

"Nyama ya ng'ombe na uyoga. Na mushenye." Leonida aligeuka kwenda, akasimama. Hakumtazama. "Pika vile unapikanga siku zote. Usibadilishe kitu."

Hilo ndilo lilikuwa neno la karibu zaidi na sifa ambalo Adeke alikuwa amewahi kulisikia kutoka kwake. Miaka mitatu Leonida alikuwa akikemea chumvi, akikemea moshi, akikemea jinsi Adeke alivyoshika mwiko, na muda wote huo akiifuta sahani yake kwa kidole mpaka maua yaliyochorwa chini yakaonekana.

Titus alikuwa uani akitia upepo baiskeli. Alikuwa karani katika ofisi moja ya Malaba, mahali malori yanapokaguliwa karatasi kabla ya kuvuka kwenda Uganda, na watu waliokutana naye huko walisema ni mtu wa sauti: aliwafokea madereva, aliwafukuza utingo waliokalia ngazi za ofisi. Nyumbani sauti hiyo aliiacha barabarani.

"Umeyaona mawe?" Adeke akamuuliza. Hakuweza kuuficha uso wake.

"Niliyaona."

"Mama amekuambia ni ya nini?"

Titus aliendelea kutia upepo, ingawa gurudumu lilikuwa limeshajaa. "Mama anajua mambo yake," akasema.

Adeke aliyachukua maneno hayo kuwa furaha ya mtu asiyejua kufurahi, akaenda zake kichuguuni akiimba puani.

Kichuguu kilikuwa nyuma ya nyumba yao, kwenye sehemu ambayo Titus alipewa na baba yake kabla mzee hajafa, na watu wote waliheshimu kwamba kinachoota hapo ni cha mwenye kichuguu. Mvua ilikuwa imenyesha juzi. Uyoga ulikuwa umetoka usiku, mweupe, mrefu wa mguu, kofia zake bado zimefumba. Adeke aliuchimbua kwa vidole mpaka kwenye mzizi. Hakuchukua kisu. Nyanya yake alimfundisha kwamba uyoga ukiguswa na kisu, kichuguu hununa na mwaka unaofuata hakitoi kitu. Hakujua kama aliamini jambo hilo, ila vidole vyake viliamini.

Nyama ililetwa kutoka Malaba imefungwa kwa majani ya mgomba, ya ng'ombe mzee, yenye mishipa. Akaikata vipande vikubwa, kwa sababu nyama ngumu ikikatwa ndogo hujikunja na kuwa kokoto. Akaikaanga kwa samli bila maji mpaka ikabadilika rangi kila upande na harufu yake ikawaleta mbwa mlangoni. Ndipo akatia vitunguu, nyanya, na maji yaliyochujwa kwenye jivu la maganda ya maharagwe, kidogo tu, ya kulainisha mishipa. Akaufunika mdomo wa chungu kwa jani, akavuta kuni mbili nje, akaiacha nyama ichemke polepole, ikipumua kama mtu aliyelala.

Uyoga aliuloweka kwenye maji ya chumvi, wadudu wakapanda juu. Akaumwaga, akauloweka tena, mara ya tatu maji yakabaki meupe. Kisha akauchana kwa mkono, mmoja mmoja, kutoka kofia hadi mguu.

"Millicent," akaita. Wifi yake alikuwa ameketi kivulini, rafiki yake akimsuka. "Njoo uone hapa. Wakikuuliza ujue la kusema."

"Nasukwa, hunioni? Wataniuliza nini, kwani ni mtihani?"

Viazi vitamu na mihogo vilikuwa vimeiva pamoja kwenye sufuria, chini ya majani. Adeke akamwaga maji yake, akavitia maziwa na samli, akaviponda kwa mwiko akiwa amebana sufuria kwa miguu yote miwili, akaviponda mpaka jasho likamdondoka puani na mushenye ikawa laini, haina hata donge moja ambalo ulimi ungelishangaa.

Jambo la mwisho lilikuwa simsim. Aliikaanga kavu, akaisaga kwenye jiwe ikatoa mafuta, akaikoroga na mchuzi kwenye bakuli, na nyama ilipokuwa inaachana yenyewe akatia uyoga, kisha ile simsim. Akakoroga kwa upande mmoja bila kuacha. Mchuzi ukawa mzito, wa rangi ya udongo uliolowa. Hakuna mtu katika mji ule aliyepika hivyo kabla yake. Ulikuwa upishi wa Wateso wa kwao Adungosi, na aliuleta pale pamoja na nguo zake mbili na Biblia.

Alionja tone moja kiganjani. Akafumba macho. Akamwona mama yake ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mbele ya mafiga matatu, akionja tone lile lile.

Wageni walifika saa sita. Mbele alikuwa Mzee Ogutu, baba mdogo wa Japheth, mtu wa tumbo na kicheko. Nyuma yake mkewe, Mama Truphena, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kitambaa cheupe kichwani, asiyesema sana. Japheth alikuja wa mwisho akifuta viatu kwa leso. Waliingizwa nyumba kubwa. Jiko lilikuwa hatua chache tu kutoka dirishani, na Adeke, akiwa ameketi kwenye kigoda cha chini mlangoni mwa jiko, alisikia kila neno.

Kwanza wakasikia redio. Ulikuwa mwaka ambao redio haikuwa na jambo jingine ila uhuru na majimbo, na watu wa wilaya ile walibishana kila kilabuni nani atawekwa upande gani na nani atatawaliwa na nani.

"Mimi sina ubaya na hawa jirani zetu Wateso," Leonida alisema, vijiko vikigonga sahani. "Jembe wanajua. Lakini jiko? Baba, Mteso akikupikia, funua chungu kwanza uangalie."

Akacheka. Titus naye akacheka kidogo, Adeke akakisikia kicheko hicho na kukitambua. Japheth akakohoa. Mzee Ogutu akasema haraka kwamba mushenye hii ni laini kama shavu la mtoto.

"Mama Titus, hapa mnataka tusirudi kwetu," akaendelea. "Sisi tumekula vijisamaki vya omena vya Sio Port mpaka mtu akioga anaanza kuogelea."

"Kula, baba. Ni mkono wa Millicent huo. Mimi hata chumvi sikutia."

"Madereva wakionja hii," Japheth akasema, "hakuna lori litavuka tena. Titus, mtakosa kazi huko Malaba."

"Niongezeni basi," akasema Titus, na watu wakacheka.

Jikoni Adeke alijifunika mdomo kwa leso ya kichwa. Wameridhika. Wanaongeza. Alianza kufikiri mafiga yatatazama upande gani ili upepo usilete moshi mlangoni.

"Sasa binti," ilikuwa sauti ya Mzee Ogutu, "hebu nifundishe. Uyoga huu hauna hata chembe ya mchanga. Huyu mke wangu akinipikia uyoga nasikia meno yanasaga kokoto."

"Hayo ni meno yako yanamomonyoka, mzee," Mama Truphena akasema taratibu.

"Ngoja kwanza. Binti, wewe unafanyaje?"

Sahani zilisogezwa mezani.

"Naosha," akasema Millicent.

"Unaosha na nini?"

"Na maji." Halafu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuonekana mwangalifu kuliko watu wote: "Na sabuni kidogo."

Kicheko cha Mzee Ogutu kilitoka dirishani na kuwashtua kuku. "Sabuni! Japheth, mwanangu, wewe utakuwa msafi mpaka matumboni!"

"Anatania," Leonida akasema. "Huyu mtoto anapenda mzaha, mtamzoea. Millicent, ondoa sahani tupu."

Millicent aliingia jikoni na sahani kifuani, akaziachia kwenye karai zikalia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Umeniaibisha."

"Mimi, wifi?"

"Ungeniambia unaosha na nini!"

"Nilikuita uone. Ukasema unasukwa."

"Usinijibu. Wewe ni nani wa kunijibu?" Millicent alijifuta macho kwa kiganja. "Ati unangoja mafiga."

Adeke aliuchukua mwiko akakoroga mchuzi.

"Nani amekuambia yale mawe ni yako? Ni ya pipa la chai ya harusi yangu. Mama alisema tukikuambia ni yako utapika mpaka ujipike mwenyewe. Na umepika kweli!" Akacheka kidogo. "Muulize Titus. Si yeye aliyabeba kwa baiskeli kutoka mtoni jana? Yeye mwenyewe ndiye aliyesema yawekwe nyuma ya nyumba yenu, ndiyo uyaone."

Alitoka akirekebisha nywele.

Adeke alibaki na mwiko mkononi. Aliliona tena lile gurudumu lililojaa likiendelea kutiwa upepo. Mama anajua mambo yake. Chungu kilikuwa bado kinatokota kidogo juu ya mafiga ya Leonida, na mchuzi uliobaki ulianza kushika chini. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alisikia harufu ya kuungua asiinuke.

Kule nyumba kubwa, Mama Truphena alikuwa akizungumza.

"Mama Titus, simsim hii mnaitoa wapi?"

"Ah, sokoni tu."

"Na mnaitiaga kwenye uyoga siku zote?"

"Huo ni ujuzi wa Millicent. Watoto wa siku hizi, shule inawafundisha mengi."

"Hm," akasema Mama Truphena. "Na uyoga huu haukuguswa na kisu. Umechanwa kwa vidole, kutoka kofia mpaka mguu. Mama yangu alikuwa ananichapa mkono nikishika kisu karibu na uyoga."

"Mama yako wa huko Marachi?"

"Marachi nimeolewa. Kwetu ni Adungosi. Mimi ni mtoto wa Emojong."

"Nilikuwa nangoja ufike hapo," Mzee Ogutu akasema. "Mama Titus, ulipoanza mambo ya Wateso na jiko, nilimkanyaga huyu mguu chini ya meza asiseme kitu. Bado nimemkanyaga."

"Ondoa basi, unaniumiza. Mama Titus, mimi sikukasirika. Nataka tu kujua. Nani yuko jikoni kwako?"

"Nani atakuwa jikoni?" Sauti ya Leonida ilikuwa imepanda. "Kuna msichana mmoja wa kutusaidia. Wa kazi. Pengine Millicent alipotoka kidogo, yeye akaingiza mkono wake."

"Mwite nimsalimie."

"Yuko na moshi, mchafu..."

"Mwite, mama. Hata kunawa bado hatujanawa."

"Wewe!" Leonida akaita dirishani. "Lete maji!"

Adeke alilijaza birika maji ya vuguvugu, akaweka taulo begani, akachukua beseni. Aliingia ameinamisha kichwa, kama inavyompasa mke kijana mbele ya wageni wa mji, akapiga magoti kwa Mzee Ogutu kwanza. Mzee alinawa bila mzaha wowote. Akaenda kwa Japheth. Akaenda kwa Mama Truphena, naye Mama Truphena akamsalimu kwa Kiteso.

Adeke alishtuka maji yakamwagika kando ya beseni. Akajibu kwa sauti ndogo.

"Wewe ni wa nani, mwanangu?" mama yule akauliza, sasa kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Wa Echodu."

"Echodu anayechonga vinu?"

"Ndiye, Mama."

Mama Truphena aliushika mkono wake uliolowa, akaugeuza, akaziona kucha zenye udongo mwekundu wa kichuguu. "Leo nimekula chakula cha mama yangu," akasema, "na mama yangu nilimzika nikiwa msichana." Akamgeukia Leonida. "Mama Titus, naomba nikuombe kitu. Binti yangu ana hoteli pale Busia, anatafuta mtu wa kupika na hapati. Nipe huyu. Mimi nitamlea vizuri, ni damu ya kwetu."

Leonida alimtazama Japheth, akamtazama Millicent aliyesimama mlangoni, akaitazama harusi yote pale katikati ya meza kati ya mabakuli matupu. Haikumchukua muda.

"Mchukue," akasema. "Hata leo. Wa kazi hawakosi. Na akiharibu huko mtamrudisha kwao, si hapa."

"Asante. Lakini nisije nikavunja nyumba ya mtu." Mama Truphena alikuwa bado ameushika ule mkono. "Mwanangu, umeolewa?"

Adeke hakujibu. Hakuwa anakataa kujibu. Alikuwa anangoja, kwa sababu jibu hilo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi upande wa pili wa meza akikomba sahani yake ya pili kwa kipande cha mushenye. Aliinua macho akamtazama. Alimtazama bila hasira, kwa namna alivyomtazama usiku mwingi alipotaka amwambie mama yake jambo na asubuhi ikafika hajaambiwa. Alimpa nafasi. Mzee Ogutu aliufuata mtazamo huo, akaacha kutabasamu.

Titus alisafisha koo kama alivyosafisha huko ofisini kabla ya kumfokea dereva.

"Hajaolewa," akasema, na sauti ilikuwa ile ya barabarani, ya wazi kabisa. "Ni msichana wa kazi tu. Mwacheni amalize kunawisha watu."

Akanyoosha mikono yake.

Adeke aliinuka, akazunguka meza, akapiga magoti mbele yake. Aliweka beseni chini ya mikono hiyo iliyopakaa mafuta ya simsim mpaka kwenye pete, akainamisha birika. Maji yakatoka membamba. Hakuwa amewahi kulitaja jina la mumewe mbele ya watu. Katika mji ule mke hamtaji mume, humwita baba, au mwenyewe, au hamwiti kabisa.

"Nawa vizuri, Titus," akasema.

Leonida akafungua mdomo. Adeke hakugeuka, wala hakuacha kumimina.

"Nawa mpaka kwenye pete. Uyoga uliokula umetoka kwenye kichuguu chako, nyuma ya nyumba tunayolala mimi na wewe. Padre alipokuuliza mbele ya watu ulisema ndiyo, nami nikadhani ndiyo ile ingekutosha mpaka leo. Miaka yote hii nimenyamaza, nikapika, nikadhani kupika kunasema. Basi nasema kwa mdomo. Mimi ni mke wako. Nilitaka mawe matatu tu, mama yangu aje ale kwangu. Sasa mawe sitaki, na wewe sikutaki."